Kijani cha Nani? Historia Fupi ya Nyaya za Transfoma

Fungua swichi ya ukutani katika nyumba nyingi za zamani hapa Nairobi na utakutana na rangi tatu: nyekundu, nyeusi na kijani. Nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni athi. Hakuna fundi wa stima anayehitaji kukumbushwa. Anayajua hayo vile dereva anavyojua kwamba gari hukaa upande wa kushoto wa barabara, na yote mawili yaliletwa na mtu mmoja: Mwingereza.

Sasa chukua transfoma iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya redio au amplifaya ya valvu. Nayo inatoa nyaya nyekundu, nyeusi na kijani. Lakini hapo nyekundu inabeba volti mia tatu na zaidi, nyeusi ndizo zinazoingiza stima kutoka ukutani, na kijani haihusiani na athi hata kidogo. Rangi ni zilezile tatu, maana zimegeuka zote.

Kwa miaka michache sasa nimekuwa nikirekebisha amplifaya za valvu, nyingi zikiwa zile za kuundwa nyumbani, zisizo na jina la kampuni wala mchoro. Hitilafu zinazonichukua muda mrefu si kapasita iliyokauka wala valvu iliyochoka. Hizo unazipata mapema. Zinazosumbua ni zile ambazo kila kifaa ni kizima, kila kiungo kimechomelewa vizuri, na bado mashine inanuka moshi. Mara nyingi ukichunguza utapata mtu alisoma rangi za nchi moja kwa kamusi ya nchi nyingine. Kwa hivyo nimejikuta nasoma historia ili nijue waya unaenda wapi.

Koili nne na betri tatu

Mkenya akisikia neno transfoma anafikiria lile pipa la kijivu kwa nguzo, ambalo mvua ikinyesha linatoa mlio na mtaa mzima unabaki giza. Ile ya ndani ya amplifaya ni mdogo wake, na kazi ni ileile. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alizungushia koili mbili kwenye pete moja ya chuma. Alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, sindano ya kipimo kwenye koili ya pili ilitikisika. Alipoitoa betri, ikatikisika tena. Katikati, betri ikiwa imeunganishwa na kutulia, sindano nayo ilitulia. Kumbe umeme unaovuka kutoka koili moja hadi nyingine ni ule unaobadilika tu.

Miaka 54 baadaye, mwaka 1885, wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz jijini Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma yenye kiini cha chuma kilichofungwa pande zote, inayofaa kwa kazi ya kweli. Jina lenyewe, transfoma, linahusishwa na Bláthy. Mwaka uliofuata William Stanley aliwasha taa za mji mdogo wa Great Barrington, Marekani, kwa njia hiyo.

Kwa ile miaka miwili niliyokaa chuoni kabla sijaacha, transfoma ilikuwa mchoro wa koili mbili ubaoni na mlinganyo mmoja chini yake. Mlinganyo ni wa kweli: ukiwa na mizunguko mara mbili upande wa pili, unapata volti mara mbili. Lakini transfoma ya amplifaya ya valvu kwa kawaida ina koili nne, na mlinganyo haukuambii kwa nini. Jibu liko kwenye betri.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, redio ya nyumbani Marekani ilikaa sebuleni na betri za aina tatu. Betri A ilikuwa ya asidi, kama ya gari, na kazi yake ilikuwa kupasha moto uzi mwembamba ulio ndani ya valvu, kwa sababu valvu isipopata moto haitoi elektroni. Betri B ilitoa volti nyingi za kuvuta elektroni hizo kuelekea anodi. Betri C, ndogo kuliko zote, iliituliza gridi ya katikati. Betri A ilihitaji kuchajiwa kila mara, na asidi yake ilichoma mazulia. Betri B ilikuwa ghali na ikiisha unaitupa.

Kila mtu alitaka kuachana na betri na kutumia stima ya ukutani. Mwaka 1925, Edward Rogers wa Toronto alitoa redio isiyotumia betri, na mwaka huohuo kampuni ya Raytheon ikaanza kuuza valvu ya kugeuza mkondo iliyosaidia kuindoa betri B. Kufikia 1927 kulikuwa na valvu zinazoweza kupashwa moto na umeme wa ukutani bila kunguruma sana kwenye spika, na pia rektifaya ya namba 80, ambayo babu na bibi zetu wangeikuta ndani ya redio nyingi kubwa za mezani.

Hapo ndipo transfoma iliingia sebuleni, na kila koili yake ikachukua kazi ya betri fulani. Koili ya volti nyingi ni betri B ya zamani. Hadi leo, karibu karne moja baadaye, michoro ya amplifaya bado inaandika B na alama ya kujumlisha pale penye volti nyingi, ingawa hakuna betri. Koili ya kupasha valvu moto ni betri A. Rektifaya nayo ilipewa koili yake ya volti 5, kwa sababu uzi wake wa moto ndio huohuo unaotoa volti nyingi, kwa hiyo hauwezi kushiriki waya na valvu nyingine. Ongeza koili inayopokea stima ya ukutani na umefika nne.

Na ile namba 6.3, volti za kupasha moto valvu karibu zote utakazokutana nazo kwenye amplifaya ya gitaa? Miaka ya 1930 watu walitaka redio ndani ya gari. Betri ya gari wakati huo ilikuwa na seli tatu, kila seli ikitoa kama volti 2.1 ikiwa imejaa. Tatu mara 2.1 ni 6.3. Valvu zikatengenezwa zifuate gari, halafu transfoma zikatengenezwa zifuate valvu. Kwa hiyo ukipima 6.3 leo kwenye amplifaya iliyochomekwa ukutani Kayole, unapima betri ya gari la Marekani la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Nani aliamua rangi

Koili nne zinatoa nyaya nyingi, kumi au zaidi, zote zikitokea kwenye tundu moja la chuma. Mtu wa kiwandani anayeunganisha redio mia kwa siku hawezi kukaa akipima. Chama cha watengenezaji wa redio cha Marekani, RMA, kilichoanza 1924, kiliweka mapatano ya rangi. Stima ya ukutani: nyeusi. Ikiwa koili ya ukutani ina zaidi ya ncha mbili, basi ile ya pamoja ni nyeusi tupu, ya katikati ni nyeusi yenye mstari wa njano, ya mwisho ni nyeusi yenye mstari mwekundu. Volti nyingi: nyekundu mbili, na ya katikati nyekundu yenye mstari wa njano. Rektifaya: njano mbili. Kupasha valvu moto: kijani mbili, na ya katikati kijani yenye mstari wa njano. Kukiwa na koili nyingine ya moto: kahawia.

Mapatano hayo yalikuwa mazuri na yamedumu. Lakini yalikuwa ya watu wa kiwanda kimoja kuzungumza na watu wa kiwanda kingine ndani ya nchi moja. Hayakuandikwa kwa ajili ya mtu wa ng'ambo atakayefungua mashine hiyo miaka 60 baadaye.

Uingereza walienda njia yao. Kabla gridi ya taifa haijasawazisha mambo, miji ya Uingereza, na hata mitaa ya London, ilikuwa na makampuni mengi ya stima, kila moja na volti zake. Redio iliyouzwa mtaa huu ingeweza kuungua mtaa ule. Kwa hiyo transfoma za Kiingereza zilikuja na ncha kadhaa upande wa ukutani, zimeandikwa 200, 220, 240, na nyingi hazikuwa na nyaya za rangi bali vijisahani vya kuchomelea vyenye namba. Mwingereza alisoma namba, Mmarekani akasoma rangi.

Hata rangi za stima ya ukutani zenyewe hazikuwa na uelewano. Marekani, nyeusi ni laivu na nyeupe ni nyutro. Uingereza, nyeusi ilikuwa nyutro. Ujerumani, hadi katikati ya miaka ya 1960, nyekundu ilikuwa athi, yaani waya ambao Mjerumani aliushika bila wasiwasi ndio ambao ungemuua Mwingereza. Ulaya ilipokaa kuafikiana, ilichagua rangi ambazo hazikuwa na uzito mkubwa kwa upande wowote: kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa athi. Nyaya za vifaa zilianza kufuata hayo Uingereza kuanzia miaka ya 1970. Nyaya za ndani ya kuta zilingoja hadi 2004.

Sisi tuko wapi katika hayo yote? Tuko pale zote zinapokutana. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliingia katika biashara ya stima mjini humo, na mwaka huohuo mhandisi Clement Hirtzel akapata kibali cha kuisambaza Nairobi. Mwaka 1922 biashara hizo mbili ziliungana kuwa East African Power and Lighting. Stima yetu ikawa ya Kiingereza: volti 240, hezi 50, plagi ya miguu mitatu minene, na rangi za Kiingereza ukutani. Halafu uhuru ukaja, na vyombo vikaanza kuingia kutoka kila upande. Leo ukuta unaweza kuwa na nyekundu na nyeusi, kebo ya kettle ina kahawia na buluu, na transfoma iliyotolewa kwenye mashine ya kanisa la wamishonari wa Marekani ina rangi za RMA. Zote ziko kwenye meza moja, mbele ya fundi mmoja.

Kwa nini hatuna wazee wa valvu wengi

Kuna sababu nyingine inayofanya kosa hili liwe rahisi kwetu. Transfoma ya redio ilihitaji stima ya ukutani, na Waafrika wengi hawakuwa na ukuta wenye stima. Mwaka 1949, Harry Franklin, aliyesimamia idara ya habari ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alishirikiana na kampuni ya Ever Ready kutoa redio kwa wasikilizaji Waafrika. Mfuniko wake ulikuwa mviringo kama sufuria, ndiyo maana ikaitwa Saucepan Special. Ilikuwa ya valvu na bei yake ilikuwa pauni 5, lakini haikuwa na transfoma ya stima. Iliendeshwa na betri kavu, kama zile redio za Marekani za miaka ya 20. Wakati Mmarekani ameshasahau betri B ilikuwa nini, mtu wa Copperbelt alikuwa akiweka akiba ya kununua nyingine.

Baada ya hapo transista zikaja, na redio ndogo ya mawe mawili au manne ikaingia kila kijiji. Watu wengi walipita kutoka redio ya valvu ya betri, au kutokuwa na redio kabisa, moja kwa moja hadi transista. Valvu zenye transfoma zilibaki katika kumbi za sinema, makanisa makubwa, studio, na majukwaa ya bendi. Waliozifungua na kuzirekebisha walikuwa wachache, na mengi waliyoyajua walienda nayo.

Ng'ambo mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu mtu wa kawaida alihimizwa kujiundia. Mwaka 1947, D.T.N. Williamson alichapisha katika jarida la Wireless World la Uingereza mchoro wa amplifaya yake pamoja na maelezo ya namna ya kusuka transfoma ya spika, na watu wakaijenga jikoni kwao hadi Australia. Mwaka 1962, duka la muziki la Jim Marshall huko Hanwell, magharibi mwa London, lilitaka amplifaya kama Fender Bassman ya Marekani, ambayo ilikuwa ghali kuiagiza. Ken Bran na Dudley Craven wakaiga mchoro wake. Wangeweza kuiga kila kitu isipokuwa transfoma, kwa sababu stima ya London si ya California. Ikabidi watumie zilizopatikana kwao. Sauti ya roki ya Kiingereza ilianza hivyo, na watu waliokaa chini kutafsiri mashine ya Kimarekani iende na stima ya Kiingereza.

Nasema hayo kwa sababu kazi tunayoifanya mezani ni hiyohiyo ya Hanwell. Tofauti ni kwamba wao walijua wanatafsiri.

Amplifaya iliyonuka

Mwaka jana jamaa mmoja anayepiga gitaa kanisani aliniletea amplifaya ya kuundwa kwa mkono. Sanduku la mbao, chasisi ya bati la alumini, 5Y3 moja kama rektifaya, 6V6 mbili za kusukuma spika, na 12AX7 mbili za mwanzo. Aliinunua kutoka kwa familia ya mzee aliyeijenga. Transfoma ya kwanza ilikufa zamani, na kuna fundi aliyeweka nyingine, ya Marekani, mzima kabisa. Tangu hapo, aliniambia, ukiwasha inanguruma kwa chini, sauti haiji, na baada ya dakika chache inatoa harufu. Kisha fyuzi inakatika. Mtu alikuwa amemshauri aweke fyuzi kubwa zaidi. Nashukuru hakuiweka, kwa sababu fyuzi ikikataa kukatika, kinachokatika ni transfoma.

Kabla ya kugusa chochote, mambo mawili. Chomoa plagi. Kisha toa umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa, kwa rezista na si kwa bisibisi, na upime hadi mita iseme sifuri. Kapasita za mashine hii hushika volti mia tatu na kitu hata baada ya kuzimwa, na hazijali kwamba umechomoa.

Halafu nikachora. Kila waya, rangi yake, na mahali unapoishia. Hatua hii inachosha na watu huiruka. Mchoro ulipokamilika, karibu kila kitu kilikuwa sawa. Nyeusi tupu na nyeusi yenye mstari mwekundu zilikuwa kwenye stima, na ile yenye mstari wa njano, ambayo ingeingiza volti 120 za kwao, ilikuwa imefungwa tepu vizuri. Swichi na fyuzi zilikuwa upande wa laivu. Nyekundu mbili zilikuwa kwenye rektifaya. Kazi safi. Fundi huyu alikuwa na mkono kuliko mimi.

Nikapima kwa omu. Nyekundu hadi nyekundu, kama 200. Kutoka ile ya katikati, upande mmoja 97, mwingine 104. Hiyo tofauti ndogo ni ya kawaida: mizunguko ya nje ni mirefu kidogo kuliko ya ndani. Upande wa ukutani ulikuwa na omu 20 hivi. Kijani hadi kijani, mita ikalia kama nyaya zimegusana. Na hapa mita inadanganya watu wengi. Koili ya volti 6.3 ni mizunguko michache ya waya mnene, kwa hiyo koili nzima husoma karibu sifuri. Mita ya kawaida haiwezi kukutofautishia koili nzima na koili iliyogusanishwa.

Kifaa kilichosaidia ni balbu. Chukua balbu ya zamani ya uzi, wati 60, uiunge mfululizo kati ya ukuta na amplifaya. Kama mashine ni nzima, balbu itawaka kidogo mara moja kisha ififie. Kama kuna mahali umeme unakimbia, balbu itabaki inawaka, lakini itauzuia mkondo usiunguze kitu. Inagharimu kidogo kuliko fyuzi tatu.

Nilitoa valvu zote na kuwasha. Balbu ilibaki ya rangi ya machungwa. Bila valvu, transfoma haina kazi ya kufanya, kwa hiyo umeme ulikuwa unakimbilia ndani yake au kwenye nyaya zake. Nikachomoa, nikaachanisha nyekundu, nikawasha: balbu ileile. Nikaachanisha njano: ileile. Nikaachanisha kijani zote: balbu ikazima. Koili ilikuwa salama. Kosa lilikuwa pale nyaya za kijani zilipofungwa.

Nikarudi kwenye mchoro. Kijani yenye mstari wa njano ilikuwa imebanwa kwa skrubu kwenye chasisi. Sawa kabisa, maana ni waya wa katikati wa koili ya moto na huwekwa kwenye chasisi ili kupunguza mngurumo. Kisha moja kati ya kijani mbili tupu ilikuwa imeunganishwa na soketi za valvu, kama inavyotakiwa, na pia imepewa waya mfupi, safi, uliochomelewa kwenye skrubu ileile.

Nikaelewa. Huyu fundi alisoma kwa Kiingereza. Katika mapatano ya zamani ya Uingereza kijani ni athi. Katika mapatano mapya kijani chenye mstari wa njano ni athi. Aliona zote mbili, na kama fundi mwangalifu anayejua athi ndiyo inayookoa maisha ya watu, alizifunga zote kwenye chasisi. Kwa ile yenye mstari alipatia kwa bahati. Kwa ile tupu aligusanisha nusu ya koili. Makumi ya ampea yalikuwa yakizunguka bure kupitia bati, na valvu zilipata nusu ya volti zao, kama 3, ndiyo maana hazikutoa sauti. Mwenye amplifaya alikuwa ameniambia kwamba valvu ya pembeni inawaka vizuri lakini nyingine zinafifia. Hiyo ya pembeni ilikuwa rektifaya, inayokula kutoka kwenye koili yake ya njano.

Nikakata ule waya mfupi wa sentimita nne. Balbu ikafifia. Nikarudisha valvu, nikawasha bila balbu, nikapima kijani hadi kijani: 6.4. Kwa mara ya kwanza tangu transfoma ibadilishwe, gitaa likasikika.

Mapatano na kipimo

Rahisi kusema fundi yule hakujua. Lakini angalia alichofanya. Alifuata sheria aliyofundishwa, kwa uaminifu, na sheria hiyo ingemlinda katika nyumba yoyote ya nchi hii. Kilichomwangusha ni kudhani kwamba kijani kina maana yake chenyewe, kama vile moto ulivyo moto kila mahali. Rangi ya waya ni neno, na neno lina lugha yake. Ukikutana na neno usilojua lugha yake, unauliza, na kwa waya namna ya kuuliza ni kupima.

Hata kipimo kina mipaka ambayo historia pekee ndiyo inaijaza. Transfoma iliyosukwa kwa hezi 60 za Marekani ikiwekwa kwenye hezi 50 zetu, volti zikiwa zilezile, kiini chake cha chuma hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Nyingine huvumilia. Nyingine hupata moto na kunguruma, na utatafuta kosa kwenye nyaya hadi uchoke kwa sababu kosa haliko kwenye nyaya. Liko kwenye uamuzi uliofanywa mwishoni mwa karne ya 19, pale wahandisi wa Marekani walipoegemea 60 na wale wa Ulaya wakaegemea 50. Soma kibandiko. Kikisema 50/60, umepona. Kikisema 60 peke yake, weka mkono juu ya chuma baada ya nusu saa. Ukishindwa kuuacha hapo, tafuta transfoma nyingine au mpelekee anayesuka mota akusukie.

Historia ya umeme tunayosomeshwa ni ya majina: Faraday, Edison, Tesla. Ni historia nzuri, lakini haingemsaidia yule fundi. Iliyokuwa imsaidie ni ile ndogo, ya vikao vya chama cha wenye viwanda vilivyoamua kijani kiwe moto, na vikao vingine, upande wa pili wa bahari, vilivyoamua kijani kiwe usalama. Hakuna aliyehudhuria vikao vyote viwili isipokuwa sisi, tena kwa kuchelewa, tukiwa na bisibisi mkononi.

Mzee aliyeijenga amplifaya ile hakuacha karatasi. Fundi aliyebadilisha transfoma hakuacha pia. Kila mmoja alianza upya, kana kwamba hakuna aliyewahi kuifungua. Kabla sijairudisha, nilichukua karatasi nikaandika kwa kalamu isiyofutika: aina ya transfoma, rangi zake zote na kazi ya kila moja, volti nilizopima, na tarehe. Kwenye mstari wa kijani nikaandika, "moto wa valvu, SI athi." Nikaifunika kwa selotepu na kuibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, mbali na joto la valvu, mahali ambapo mtu mwingine atakayeifungua ataiona kabla hajaona waya.